Kushoto Kwangu Kulikuwa na Kuni

Koti nililipunguza mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia ule uchaguzi wa mtaa wetu wa Niboye hulisifu koti, jinsi lilivyomkaa yule bwana, na hakuna anayemkumbuka fundi aliyelikalisha vile. Fundi ni mimi. Nilikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza ya nyumba iliyopoteza nusu ya mabati yake, na domo lililoshona maneno kwa kasi kuliko sindano.

Ilikuwa miezi ya mwisho ya mwaka 1994. Vita vilikuwa vimekwisha mwezi wa saba, nasi tukaingia mwezi wa nane, kwa lori, kutoka Bujumbura. Nilizaliwa huko, nikakulia mtaa wa Buyenzi, nikajifunza Kiswahili uchochoroni kabla sijajua kusoma Kinyarwanda. Kigali nilikuwa naijua kwa mdomo wa mama tu. Mama alikuwa ameniambia ni mji wa vilima na hewa nzuri. Hakuniambia kuhusu kimya, maana yeye hakukijua. Nyumba za Niboye zilikuwa na milango iliyong'olewa, na katika bustani maharagwe yaliyopandwa na watu wengine yalikuwa yamejiotea yenyewe. Tuliyavuna, tukayala. Mpaka leo nikikumbuka mlo ule sijui nishukuru au niombe radhi.

Karibu wote mtaani tulikuwa wageni. Huyu katoka Burundi, yule Uganda, mwingine Tanzania, na kila mmoja na Kiswahili chake. Wenyeji waliosalia walikuwa wachache na hawakuongea sana. Mmoja alikuwa bibi aliyekaa nyumba ya chini yangu, tuliyemwita Mukecuru, yaani mwanamke mzee, kwa heshima. Kabla ya vita alikuwa na mume na watoto watano. Alipopita barazani kwangu asubuhi na bidoni lake la maji, mabishano yalikatika yenyewe.

Maana mabishano yalikuwepo kila siku. Mtaa ulitakiwa umpate responsabule, ndivyo alivyoitwa kiongozi wa mtaa, na wagombea walikuwa wawili: bwana wa koti, na kaka yangu. Siku hizo hakuna aliyeuliza mgombea amesoma wapi. Swali lilikuwa moja tu: wakati wa vita, ulikuwa wapi? Na watu wakijibu, Mungu wangu, majibu yalivyonenepa! Aliyekuwa akichangisha michango Nairobi siku ya Jumatatu, Ijumaa alikuwa ameshateka kilima.

Bwana wa koti aliniletea lile koti la kijeshi nilipunguze kiuno na mikono. Nililigeuza ndani nje, kama fundi yeyote. Makoti ya wapiganaji nilikuwa nimeyatia viraka mengi. Yana alama zake: bega moja huliwa na mkanda wa bunduki hadi uzi unaonekana, viwiko huisha kwa kutambaa, na kola kwa ndani huwa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Hili la bwana lilikuwa na mabega mawili mapacha, na kola safi. Na lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye. Nilimtazama, akanitazama, nikachukua vipimo. Fundi haulizi nguo imetoka wapi.

Barazani kwangu alikuwa akija kijana mmoja wa vita, mguu mmoja, magongo mawili. Tulimwita Afande. Alikuwa hasimulii chochote. Watu wakimaliza kujisifu, yeye alikuwa na swali moja, na alilisema polepole kwa Kiswahili chake cha msituni.

"Mimi sikatai ulikuwako," alimwambia bwana wa koti siku alipokuja kulichukua. "Iko nauliza kitu kimoja tu. Kushoto yako alikuwa nani?"

"Tulikuwa bengi," bwana akajibu.

"Hata bengi iko na majina, sha."

Bwana akacheka, akavaa koti lake, akaenda. Afande akatueleza kwamba mtu aliyelala kwenye handaki anaweza kusahau tarehe, anaweza kusahau hata jina la kilima, lakini hawezi kumsahau wa kushoto na wa kulia, kwa sababu hao ndio waliokuwa dunia yake nzima. Niliona kwamba mtu huyu wa mguu mmoja ana mizani ya kupimia mji mzima.

Sasa ningenyamaza hapo. Lakini mwalimu mmoja aliyekulia Uganda, aliyekuwa akisubiri sketi yake, akaniuliza, "Na kaka yako? Huyu wetu, yeye iko alipigana wapi?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Kaka yangu aliondoka Bujumbura mwaka 1991 akimwambia mama anakwenda kutafuta kazi ya kufundisha. Hakuandika barua hata moja. Tulipofika Kigali alitupata kwa kuuliza-uliza kituo cha mabasi cha Remera, mwembamba kama ufito, na nilipomuuliza alikuwa wapi alisema, "Nilikuwa huko." Basi. Alikuwa na kovu refu, lenye kung'aa, kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Na alikuwa amerudi na tabia mbili mpya: hakuruhusu mtu mwingine apike maharagwe nyumbani, na hakuonja chakula mpaka wote tuwe tumeshashiba. Mama alisema ni adabu ya jeshi.

Ningejibu sijui. Badala yake nikasema, "Kaka yangu? Alikuwa mbele ya wote. Lile kovu la mkono ni la bomu. Alibeba wenzake wawili mgongoni huku damu inamtoka."

Wawili! Mmoja hakunitosha. Wateja wakaguna kwa heshima, na mimi nikaisikia heshima ile ikinipanda kichwani kama pombe ya ndizi. Niseme wazi nilichokuwa nikikitaka: nilitaka tuwe watu. Miaka yote Bujumbura tulikuwa wakimbizi, watoto wa wakimbizi. Nilitaka nipite Niboye niambiwe, huyo ni dada wa shujaa. Afande alinitazama kidogo, hakuuliza la kushoto wala la kulia. Alijua si mimi wa kuulizwa.

Baada ya wiki moja kaka alirudi jioni, akakaa karibu na moto, akapuliza makaa.

"Watu iko wananipigia saluti njiani," alisema. "Umewaambia nini?"

"Mimi? Sijasema kitu."

Akakoroga sufuria. Alikuwa akikoroga vizuri sana, kwa mviringo mpana, bila kugonga ukingo. "Mdogo wangu, kama kuna kitu umesema, ukirudishe kabla ya siku ya mkutano. Hii kazi naitaka sana. Naitaka kwa mkono safi."

Na aliitaka kweli. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote mtaani, alikuwa amemaliza sekondari, na alikuwa ameshanunua daftari la mistari na kulichora safu kwa rula. Responsabule ndiye ambaye angeandika nani anakaa wapi. Ndiye pia ambaye angeandika waliokufa. Sikurudisha kitu. Ningeanzaje? Kila mteja alikuwa ameshaongeza chumvi yake, na wengine walikuwa wameshafikisha majeruhi wanne.

Siku mbili kabla ya mkutano Mukecuru alikuja nimpindie gauni. Hakuwahi kukaa barazani kwangu. Siku hiyo alikaa. Wateja wawili walikuwa wakibishana kama bwana wa koti aliumia goti Byumba au Ruhengeri. Akawasikiliza mpaka wakaona haya wenyewe. Kisha akasema, kwa Kiswahili alichojifunza zamani sokoni:

"Huyu mutachagua ndiye ataandika majina ya bantu bangu. Mimi sitaki mwenye alipiga bunduki. Mi nataka mwenye akiandika hataongeza, hatapunguza."

Uzi ulinikatikia sindanoni. Nilimpindia gauni bila kuinua macho.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule isiyo na vioo. Mtu wa komuni, ofisi ya serikali iliyo juu ya mitaa, alikuja na filimbi akatueleza utaratibu. Kila mgombea atajieleza. Kisha wagombea watasimama wakitazama mbele, na marufuku kugeuza shingo, nasi tutapanga mstari nyuma ya tumtakaye. Hivyo, alisema, mgombea hatajua nani alimkataa, na hakutakuwa na chuki.

Kwetu mtu akijieleza mbele ya watu hasemi tu. Anajivuga. Ni desturi ya tangu enzi za wafalme: mwanamume hushika fimbo, hupaza sauti, hutaja majina yake ya vita na matendo yake, haraka-haraka, bila kuvuta pumzi, na akiwa anajivuga hakatizwi. Katika harusi hata muuza chumvi hujivuga kwamba aliua simba, na watu hupiga makofi kwa uzuri wa maneno. Uwongo wa harusi hauna mwenyewe.

Bwana wa koti akaanza. Tumpe haki yake, alijivuga vizuri. Milima ilianguka, mito iligeuka nyuma, maadui walimwona wakasahau majina ya mama zao. Koti lilimkaa kama alizaliwa nalo. Alipomaliza, Afande akainua gongo moja. "Kushoto yako alikuwa nani?"

"Kushoto kwangu walikuwa mashujaa!" akajibu, na uwanja ukalipuka kwa makofi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini siku hiyo lilivuma kwa utamu.

Kaka yangu akasogea. Shati lake jeupe nililipiga pasi mimi. "Ivuge!" watu wakapiga kelele, jivuge, shujaa, na mimi nilipiga kelele zaidi ya wote. Akaomba fimbo kwa mzee mmoja. Akaishika kama anavyoshika mwiko. Akapaza sauti, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia mdomoni mwake, ya juu, ya haraka, ya kiume kabisa, sauti ya babu zetu. Alijivuga kwa Kinyarwanda. Naiandika kwa Kiswahili, na nusu ya utamu inabaki njiani:

"Mimi ni Mkoroga-mahindi-asiyelala, wa kikosi cha sufuria tatu! Nilipanda milima ya Byumba na chungu mgongoni, moshi wangu ukaonekana na adui kabla yangu! Sikuangusha mtu, niliangusha gunia! Bunduki nilipewa, nikaitungikia ndoo! Kovu hili mnaloambiwa ni la bomu, nilitiwa na maharagwe yanayochemka, na sikubeba mtu mgongoni, nilibeba kuni! Siku makombora yalipoanguka jikoni, miye mwana wa baba yangu niliruka moto, nikaruka kijito, nikaiacha sufuria, nikakimbia! Nilirudi jua likiwa utosini. Walikuwa wamepigana tangu alfajiri, hawajala. Mmoja, niliyekuwa nikimwekea ukoko wa chini kwa kuwa aliupenda, nilimkuta amelala, haamki. Aliondoka na njaa. Njaa ile ni yangu! Hilo ndilo jina langu la vita!"

Akampa mzee fimbo yake.

Sijui niseme nini kuhusu kimya kilichofuata. Nimekwenda misa za Pasaka, nimemwona askofu, nimesimama mbele ya ziwa la Tanganyika radi ikipiga juu ya maji, na sijawahi kusikia woga mtamu kama ule. Mtu alikuwa amechukua chombo ambacho kwetu hubebea sifa, akakijaza aibu yake hadi ukingoni, na hakumwaga tone. Hakulia wala hakuomba asamehewe. Na alitumia kanuni zote: majina, pumzi, mwendo. Wazee waliojua kujivuga walifunika midomo yao kwa mkono, jambo wanalofanya wakiona kitu kilichowazidi. Nikaelewa kwa mara moja kwa nini anakula wa mwisho. Kila siku, tangu arudi, alikuwa akihakikisha kwamba hakuna anayeondoka na njaa.

Afande akauliza, kwa sauti ndogo safari hii. "Kushoto yako?"

"Kushoto kwangu kulikuwa na kuni," kaka akasema. "Kulia, maji."

Hapo ndipo mtu mmoja alipocheka, na kicheko kikatambaa uwanja mzima. Mpishi! Alikimbia! Watu walicheka kwa kufarijika, kwa maana kimya kile kilikuwa kizito kukibeba. Na wateja wangu wakageuka, mmoja mmoja, wakanitazama mimi. Mwalimu wa sketi aliuma mdomo. Kaka hakuwa amenitaja. Alisema "mnaloambiwa," akaishia hapo. Lakini kila aliyekuwa amekaa barazani kwangu alijua nani aliambia. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa changu, kinawaka moto hadi masikioni.

Wagombea wakasimama, migongo kwetu, macho mbele. Filimbi ikalia.

Mukecuru alikuwa wa kwanza kutembea. Alikwenda bila haraka, akasimama nyuma ya kaka yangu, karibu kabisa, kama mtu anayejikinga upepo. Afande akafuata, magongo yakigonga. Mwalimu akafuata. Nikawaona. Miguu yangu ikaanza kwenda.

Nataka nieleze vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika. Sikuwa nimemkasirikia. Nilikuwa nimemstaajabia. Lakini kusimama nyuma yake kulikuwa ni kusimama mbele ya mtaa mzima na kusema, ndiyo, mwongo ni mimi. Wanawake wa barazani walikuwa wakielekea upande wa pili, wakicheka, na mmoja akanishika kiwiko. Nikaenda nao. Nikasimama wa nne nyuma ya bwana wa koti. Mbele ya macho yangu, mgongoni kwake, ilikuwa mishono yangu, ile niliyoibana kiunoni, imenyooka, uzi wa kijani juu ya kijani. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Niliitazama mpaka mtu wa komuni akamaliza kuhesabu.

Nilipogeuka, macho yangu yaligongana na ya Mukecuru. Marufuku ya kugeuka ilikuwa ya wagombea, si yake.

Kaka alipata watu saba. Wengine wote walikuwa kwetu.

Jioni alikuwa jikoni, na maharagwe yakichemka. Nilikaa mlangoni nikingoja aniseme. Alikuwa mchangamfu kuliko siku zote tangu arudi, kama mtu aliyetua gunia.

"Saba," alisema. "Mimi nilitegemea wawili. Kulikuwa na Mukecuru, nilisikia pumzi yake. Afande, magongo yake. Mwalimu alikohoa." Akanitazama akitabasamu. "Na wewe. Nilisikia viatu vyako."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, na mimi nilikuwa nimeshafika mwisho wake mchana ule, mbele ya wote. Ningeweza kugeuka pale pale mlangoni.

"Ndiyo," nikasema.

"Nilijua. Ndiyo sababu sikutetemeka."

Akanipakulia mimi kwanza.

Wiki iliyofuata Mukecuru hakwenda kwa responsabule mpya. Alikuja kwetu. Alikaa kwenye kigoda na kuwataja watu wake, kuanzia mume, na kaka akawaandika katika lile daftari la mistari, jina, umri, nani mtoto wa nani. Alipomaliza, kaka alimsomea. Palikuwa na mtoto mmoja ambaye bibi hakuwa na hakika alizaliwa mwezi gani, na kaka aliiacha nafasi hiyo tupu, hakuijaza. Bibi akakiona kidole chake kikiivuka ile nafasi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Baadaye wengine wakaja pia, kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, na bwana wa koti mwenyewe alipotakiwa na komuni alete orodha, alituma watu waje kuinakili kwetu.

Mukecuru hakunisema kamwe. Miaka mingi nilimshonea, na mara moja tu, nikiwa nimepiga magoti napima pindo lake, aliweka mkono kichwani pangu akasema, "Utamwambia." Alifariki sijamwambia.

Kaka yangu sasa ana mvi, na bado anakula wa mwisho. Amesikia kwamba naandika kumbukumbu, amesema atazisoma zote, na yeye akisema atasoma husoma. Basi asome na hapa. Kaka, wale saba nimewahesabu mara nyingi, na wa saba alikuwa mama mmoja muuza mkaa niliyemjua kwa sura tu, aliyekuwa amevaa viatu kama vyangu. Mimi sikuwamo.